Shajara ya mradi: kutambua dinoflagelati wa bahari kwa umbo, juu ya meza ya Kisumu

8 Februari 2025: Ninachotaka

Mimi ni fundi wa maabara katika shule moja hapa Kisumu. Kabatini tuna hadubini nne, na kati ya hizo mbili bado zina lensi ya mara 40 inayoona vizuri. Kila mwaka vijana hutazama seli ya kitunguu, hutazama seli ya shavu, basi, mambo yakaishia hapo. Mwaka huu nataka kutengeneza seti ya kadi za Kiswahili za kutambua dinoflagelati wa bahari kwa umbo lao tu: pembe, mkanda, vibamba. Hakuna mashine ya DNA wala lensi ya shilingi laki mbili. Ninaandika hapa kila hatua ikikamilika ili mwenye hadubini kama yetu aweze kuiga, na asirudie ujinga wangu.

Kwa asiyewajua: ni viumbe vya seli moja vyenye mijeledi miwili. Mmoja umelala kiunoni kama utepe, ndani ya mtaro unaomzunguka mwenyewe. Wa pili unatoka kwenye mtaro mwingine wa wima na kuning'inia nyuma. Kwa hiyo akiogelea huzunguka kama pia, na jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana hiyo ya kuzunguka. Wengine wamevaa deraya ya vibamba vya selulosi, wengine wako uchi.

Nimeulizwa na walimu wawili mbona nisivue hapa hapa Dunga. Nilivua. Maji ya Ghuba la Winam, huku kwetu Ziwa Victoria, yamejaa mwani wa kijani-bluu, hasa Microcystis, na tone moja chini ya lensi linafanana na mboga iliyosagwa. Asubuhi nzima nilipata dinoflagelati mmoja mwenye pembe, Ceratium, nikamtia kwenye chupa yake peke yake kama mfungwa. Nitamrudia. Utajiri wa maumbo uko baharini, na mimi nina shemeji Kilifi anayevua kwa mtumbwi. Amekubali kunichotea.

22 Februari: Wavu

Wavu wa dukani wa kuvulia plankton, yaani viumbe vidogo vinavyoelea majini, sikuuliza bei mara mbili. Nilinunua mita moja ya kitambaa kile cha wachapishaji wa fulana, chenye matundu ya mikroni 50 hivi, mikroni ikiwa sehemu moja ya elfu ya milimita (850/=). Fundi cherehani akakishona kama faneli (200/=), na mdomoni pa chini nikafunga chupa iliyokatwa. Nikautuma Kilifi.

Kasoro yake niitaje mapema: seli yenye upana wa mikroni 20 au 30 inapita kwenye matundu hayo kama dagaa kwenye wavu wa sangara. Kwa hiyo nilimwambia shemeji, pamoja na maji ya wavuni, achote pia lita moja ya maji ya kawaida yasiyochujwa. Hayo nayaacha yatulie usiku kucha kwenye silinda ndefu ya kupimia, asubuhi nanyonya maji ya juu taratibu kwa mpira mwembamba, nabaki na masimbi ya chini. Kazi ya kuchosha, lakini wale wadogo wamo humo.

9 Machi: Mzigo wa kwanza, umeoza

Nilitaka niwaone wakiwa hai, wakizunguka. Shemeji alijaza kidumu cha lita tano, akakipeleka basi. Kutoka pwani hadi hapa ni usiku mzima na sehemu ya mchana, kidumu kikiwa kwenye buti pamoja na magunia ya nazi. Nilipokifungua kilinuka kama mapezi ya samaki yaliyosahauliwa. Chini ya hadubini hapakuwa na hata mmoja aliyetikisika. Wale wa uchi walikuwa wamepasuka na kubaki matone ya mafuta. Wale wa deraya walikuwa maganda matupu, meupe, yanayopitisha mwanga.

Nilimpigia simu shemeji nikalalamika, nikamwaga vyote chooni. Ukumbuke jambo hili la kumwaga, nitalililia mwezi wa saba.

Gharama ya mzigo: 450/=.

30 Machi: Iodini, na kosa la chupa ya plastiki

Safari hii wameuawa kabla ya kusafiri. Nilichanganya iodini ya Lugol yenye asidi: potasiamu aidodaidi gramu 10 ikayeyushwa kwanza kwenye maji kidogo, halafu iodini gramu 5, maji yakafika mililita 100, mwisho asidi ya siki kali mililita 10. Ukianza na iodini kabla ya ile aidodaidi utakoroga mpaka jioni na haitayeyuka. Vitu hivi viwili ndivyo vilivyokula pesa kuliko kitu kingine chochote, 2,600/=, ingawa kilichobaki kitatosha miaka.

Maelekezo niliyompa shemeji ni ya jikoni: tia matone, tikisa, ongeza mpaka maji yawe rangi ya strungi (chai isiyo na maziwa) nyepesi. Alielewa mara moja. Chupa mbili za soda zilifika zikiwa na rangi nzuri kabisa.

Nikaziweka dirishani. Baada ya wiki mbili na nusu strungi ilikuwa imegeuka maji ya kunywa, na masimbi yalikuwa na ukungu. Iodini huingia kwenye plastiki yenyewe (chupa ilibaki na madoa ya manjano yasiyooshika), na mwanga nao huimaliza. Chupa iwe ya glasi ya kahawia, ikae gizani, na kila wiki uitazame rangi. Zahanati ya jirani ilinipa chupa tupu za dawa ya kikohozi bure, nikazichemsha, nikazituma pwani.

19 Aprili: Spishi ya mraba

Chupa za glasi zimefika salama. Nilikaa mezani Jumamosi nzima na daftari.

Kufikia saa tisa alasiri nilikuwa nimechora kiumbe kizuri sana: mraba kamili, pembe kali, kinang'aa, kina mraba mwingine mdogo ndani yake. Kwenye slaidi ya kwanza walikuwa wawili. Baada ya chai wakawa arobaini. Kijana wa kidato cha tatu anayenisaidia aliinama, akatazama, akasema, "Mwalimu, hii si chumvi?"

Ilikuwa chumvi. Joto la mchana wa Kisumu linakausha maji ya bahari chini ya kifuniko cha slaidi kwa dakika chache, na chumvi hujenga majumba yake. Dawa yake ni rangi ya kucha (100/=): paka kingo zote nne za kifuniko, subiri ikauke, slaidi inakaa siku mbili bila kukauka.

Tatizo la pili lilikuwa weusi. Dinoflagelati huhifadhi wanga, na wanga ukikutana na iodini unajua kinachotokea. Seli zangu zilikuwa nyeusi kama njahi, hakuna kibamba kinachoonekana. Nilijua vitamini C huondoa rangi ya iodini, nikasaga kidonge nikakitia kwenye sampuli. Maji yote yakageuka wino! Kidonge chenyewe kilikuwa kimeshikanishwa kwa wanga. Niliongeza kingine, rangi ikaisha kweli, lakini unga wa kidonge ukatanda juu ya kila kitu kama vumbi la jaa. Njia sahihi: yeyusha kidonge pembeni, acha kitulie, chuja kwa karatasi, kisha tumia yale maji maangavu tu, tone kwa tone, kwenye sampuli ndogo unayotaka kutazama. Usiondoe rangi kwenye chupa nzima. Iodini ndiyo inayowazuia kuoza.

10 Mei: Unywele wangu ulidanganya

Lensi ya macho ina vijistari, lakini sikuwa na rula ya kuvilinganisha navyo. Nikatumia unywele wangu, nikauhesabu kuwa mikroni 100, kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa zamani.

Wiki tatu nilipima bila wasiwasi. Prorocentrum micans alitoka na urefu wa 71. Vitabu vinampa 35 hadi 70, nikaona basi huyu ni mnene wa pwani. Kilichonishtua ni Dinophysis caudata, ambaye kwa kawaida huwa kati ya 70 na 110. Wangu wote walikuwa 135, 140, 142. Samaki mmoja mkubwa ni bahati. Wote wakiwa wakubwa, mizani ni mbovu.

Ndugu yangu mmoja wa maabara ya hospitali aliniazima kioo cha kuhesabia damu, kile cha Neubauer. Katikati yake kuna mraba wa milimita moja uliogawanywa mara 25, na kila kimoja cha hivyo kimegawanywa tena mara 16, kwa hiyo kijiraba cha mwisho kina ubavu wa mikroni 50 kamili. Nilikiweka chini ya lensi, nikahesabu vijistari, halafu nikaupima unywele: mikroni 70. Vipimo vyangu vyote vilikuwa vimeongezwa zaidi ya theluthi. Yule Prorocentrum ni 50, yule Dinophysis ni 98. Nimerekebisha daftari lote kwa kalamu nyekundu, kurasa kumi na nane.

Usitumie unywele. Ukikosa kioo cha Neubauer, nenda kakiombe. Kila maabara inayohesabu chembe za damu kwa mkono inacho, na kazi hii inachukua dakika kumi.

24 Mei: Maneno, na kadi za kwanza

Nilihitaji majina ya sehemu za mwili ambayo mtoto wa kidato cha pili atayaelewa. Mtaro wa kiunoni niliuita "mshipi". Nikamsomea shemeji kwenye simu.

"Shemeji, mshipi mimi navulia," akasema. "Mtu wa huku ukimwambia kiumbe ana mshipi kiunoni, atauliza ndoana iko wapi."

Basi ukawa mkanda. Mtaro wa wima ni mfereji. Juu ya mkanda ni kofia, chini ya mkanda ni kanzu. Zile tando zinazosimama pembeni mwa Dinophysis kama tanga la ngalawa nimeziita tanga. Upande wenye mfereji ni uso, upande wa pili ni mgongo. Haya mawili ya mwisho niliyaweka bila kufikiri, na ndiyo yaliyokuja kuniokoa.

Swali la kwanza kwenye kadi ni mkanda uko wapi. Hana mkanda kabisa, ni magamba mawili yaliyofumbana kama ya chaza, na kileleni ana jino dogo: Prorocentrum, na mijeledi yake yote miwili hutokea hapo kileleni. Mkanda uko juu kabisa karibu na utosi, mwili umebanwa ubavuni, ana tanga: Dinophysis. (Huyu vijana wanampenda kwa sababu ni mwizi: hula kiumbe kingine na kujiwekea viwanda vyake vya kutengenezea chakula kwa mwanga (kloroplasti). Tena jamaa zake ndio wanaohusishwa na sumu ya asidi okadaiki, inayowaharisha watu waliokula chaza na kome.) Mkanda uko katikati na ana pembe ndefu: Tripos. Mkanda katikati, hana pembe ndefu: hapo ndipo pagumu, nitapaeleza.

Vitabu vya zamani vitakuambia huyo wa tatu ni Ceratium. Ni yule yule. Wa baharini wana vibamba vitano kwenye mkanda na wa maji baridi wana sita, na kwa sababu hiyo wa baharini walitengwa mwaka 2010 wakapewa jina Neoceratium, halafu 2013 likafufuliwa jina la zamani zaidi, Tripos. Kadi zangu zilikuwa zimeshaandikwa Ceratium. Nimebandika karatasi juu yake.

Hesabu yangu kufikia leo: aina 31. Nilijivuna.

14 Juni: Pacha wa kushoto

Ingizo hili ni refu kwa sababu kosa lenyewe lilikula wiki tatu.

Tripos furca ni rahisi kumjua. Kofia inanyooka polepole hadi kuwa pembe moja, na chini ana pembe mbili zinazokwenda sambamba kama uma wenye meno mawili, moja ndefu, moja fupi. Kwenye daftari nilikuwa na aina mbili za furca: wenye pembe ndefu upande wa kulia na wenye pembe ndefu upande wa kushoto. Niliwaita "furca" na "pacha wa kushoto". Nilihesabu seli 60: 34 kwa 26. Nikaanza kufikiria mambo makubwa. Labda ni spishi mbili, labda ni dume na jike, labda pwani ya Kenya ina lake la peke yake.

Nilimchora pacha kwenye ubao. Kijana yule yule wa chumvi akauliza kwa nini upande wa pacha sijachora mfereji. Nikasema hauonekani. "Na huyu mwingine unaonekana?" Unaonekana, tena wazi, uwazi mpana katikati ya mwili chini ya kofia. Nikanyamaza kidogo.

Simama mbele ya mtu anayekutazama: mkono wake wa kushoto uko kuliani kwako. Ageuke akupe mgongo: mkono ule ule uko kushotoni kwako. Pembe ndefu ya Tripos furca ni ya kushoto kwake yeye. Akikuelekezea uso unaiona kulia, akikupa mgongo unaiona kushoto. Nilikuwa nimehesabu seli 34 zilizolala chali na 26 zilizolala kifudifudi.

Kuna mtego mwingine ndani ya mtego huo, na ndio uliofanya nichelewe. Seli iliyoondolewa rangi inapitisha mwanga. Ukizungusha skrubu ndogo, unaweza kupitiliza mgongo ukaona mfereji wa upande wa chini, kama kusoma bango kwa nyuma ya kioo. Unaona mfereji kabisa, unasema "huu ni uso", kumbe unauona kupitia mgongoni na kila kitu kimegeuka kushoto kulia. Tangu leo kanuni ya meza yetu ni hii: anza na lensi ikiwa juu, shuka polepole, na kitu cha kwanza kuingia kwenye fokasi ndicho kilicho upande wako. Kiandike kabla hujaendelea kushuka.

Na simu. Picha nilizopiga kwa kamera ya mbele, kwa kuwa ya nyuma ya simu yangu ina mkwaruzo, zilikuwa zimegeuzwa kama kioo cha kujitazamia. Picha 112 nimezifuta.

Baada ya hapo nilirudi kwenye zile aina 31 na kuuliza kila moja swali moja tu, inanitazama au imenipa mgongo, au imesimama kwa utosi. Diski yangu ya mviringo isiyo na pembe ilikuwa Protoperidinium aliyesimama kwa utosi. "Jani jembamba" lilikuwa Prorocentrum aliyelala ubavu. Dinophysis alikuwa ameingia daftarini mara tatu, kwa ubavu, kwa tumbo, na mara moja akiwa anagawanyika, wawili wamegandana mgongo kwa mgongo. Zimebaki 14.

Kuwageuza si kazi ngumu. Gusa ukingo wa kifuniko kwa ncha ya kijiti cha meno wakati unatazama, seli itabingirika. Lakini ufanye hivyo kabla ya kupaka rangi ya kucha.

5 Julai: Jik, na mwezi wa tatu unarudi

Sasa wale wagumu: mkanda katikati, hakuna pembe za kuonekana mbali. Kwa hawa umbo la nje halisemi kitu. Protoperidinium, Gonyaulax na Alexandrium wanaweza wote kuwa kijiduara chenye mkanda. Unahitaji vibamba, na vibamba unahesabu kwa mtindo wa Mmarekani Charles Atwood Kofoid wa mwaka 1909: vya kileleni alama moja, vya juu ya mkanda alama mbili, vya chini ya mkanda tatu, vya kwenye makalio nne. Vinavyojipenyeza kati ya kilele na safu ya juu ya mkanda vina herufi a. Protoperidinium kwa kawaida ana saba juu ya mkanda; Alexandrium ana sita, na hana vile vya kupenya. Saba au sita: tofauti ya hao wawili huanzia hapo.

Ili uvihesabu lazima nyama ya ndani iondoke. Maabara kubwa hutumia rangi inayong'aa chini ya mwanga wa urujuani. Sisi tuna Jik ya kufulia (120/=), ambayo hula nyama na kuacha selulosi.

Nilimimina Jik moja kwa moja kwenye kijichupa chenye sampuli ya Lugol. Nilikuwa nimesahau kwamba Lugol yangu ina asidi. Jik ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, na ilinikamata kooni kabla sijaweka chupa chini. Nilikohoa mpaka mlangoni, macho yakitoka machozi, na bahati vijana walikuwa wameenda kula. Usifanye hivi. Osha sampuli kwanza: acha itulie, nyonya maji ya juu, jaza maji safi, rudia mara tatu, hakikisha haina rangi wala harufu ya siki. Kisha tone moja la Jik iliyozimuliwa kwa maji mara kumi, pembeni mwa kifuniko, dirisha likiwa wazi.

Ilifanya kazi, ikafanya kupita kiasi. Vibamba viliachana vyote na kutawanyika kama vigae vya sufuria ya udongo iliyoanguka. Vizuri sana kila kimoja, lakini kipi kilikuwa jirani ya kipi? Sikujua.

Ndipo nilipokumbuka kidumu cha mwezi wa tatu. Maganda matupu, meupe, yanayopitisha mwanga, yakiwa mazima, mkanda na mfereji na kila mshono. Kuoza kulikuwa kumeifanya kazi ile ile polepole, na mimi nikaimwaga chooni nikiona haya. Nilimpigia shemeji.

"Shemeji, mwezi wa tatu ulinilaumu maji yameoza," akasema. "Leo waniomba yaliyooza?"

Ndiyo. Achote, aache kivulini siku tatu bila dawa, ndipo atie matone ya Lugol na kunitumia.

2 Agosti: Maganda

Mzigo wa nne umefika. Kati ya maganda yote, labda moja katika kumi ni zima na limelala vizuri, na hilo moja linatosha.

Nimelitazama ganda la Protoperidinium jioni mbili mfululizo. Kileleni, upande wa uso, kuna kibamba cha kwanza kinachoshuka hadi kwenye mfereji. Kwenye ganda hili kina pembe nne, kimechongoka juu na chini kama kishada. Kikiwa na pembe nne wataalamu hukiita ortho, tano meta, sita para, na kikundi kizima cha spishi hupangwa kwa hesabu hiyo. Mishono yenyewe si mstari mmoja. Ni utepe mwembamba wenye michirizi midogo ya mlalo, kama mshono wa mkeka, kwa sababu vibamba hukua kwa kuongezwa pembezoni. Kwa lensi ya mara 40 unaiona ukifunga tundu la mwanga karibu lote. Ukiliacha wazi ganda linapotea kwenye weupe. Hilo la mwanga lilinigharimu jioni ya kwanza yote.

Vitabu vya kabla ya 1974 vitamweka huyu kwenye Peridinium. Mwaka huo Enrique Balech wa Argentina aliwahamisha wale wa baharini kwa kuhesabu vibamba vya mkanda. Nilijaribu kuhesabu vya mkanda kwa yule mfungwa wangu wa Dunga nione hivyo sita vya maji baridi, nikaona vitatu kwa uhakika, vingine vimejificha kwenye mkunjo. Kwa hadubini hii, mkanda hauhesabiki. Kwenye kadi nimeandika waziwazi kwamba hatua hiyo hatuifanyi.

Spishi zenye pembe mbili fupi za chini zilinichanganya na Tripos mara kadhaa. Sasa natumia ulinganifu: pembe za chini za Protoperidinium zinakaribiana kwa urefu, na nusu ya kulia inafanana na ya kushoto, lakini Tripos hana ulinganifu huo.

Wa uchi nimewaacha. Gymnodinium, Karenia na wenzao hutambuliwa, pamoja na mengine, kwa umbo la mtaro mdogo wa utosini, kama kiatu cha farasi kwa mmoja na mnyoofu kwa mwingine, na Lugol inawakunja wote kuwa maharage. Noctiluca, yule mkubwa anayewasha maji usiku, alifika akiwa amenywea kama puto la jana. Hao wanahitaji hadubini ipelekwe pwani, si pwani iletwe Kisumu.

Hesabu ya mwisho kutoka aina 31: ni 11, saba hadi spishi, nne hadi jenasi tu.

30 Agosti: Kadi mezani, na hesabu

Kadi kumi na mbili zimechapishwa na kulaminiwa. Kila kadi ina michoro mitatu ya kiumbe yule yule, uso, mgongo na utosi, na kibao cha urefu kwa mikroni. Ya kumi na mbili haina dinoflagelati: ni chumvi, mapovu, chavua na uzi wa pamba.

Matumizi: kitambaa 850, kushona 200, mabasi manne 1,800, iodini na aidodaidi 2,600, slaidi na vifuniko 900, rangi ya kucha 100, vitamini C 150, Jik 120, kadi 1,500, salio la simu la shemeji 500. Jumla 8,720/=. Ukiiga bila makosa yangu utaokoa mzigo mmoja wa basi na koo lako.

Leo vijana sita wamezijaribu kwa slaidi wasizozijua. Prorocentrum wamempata wote. Dinophysis watano. Kwenye Protoperidinium wawili walihesabu vibamba sita mahali pa saba, kwa sababu kimoja kilikuwa kimejificha mgongoni na hawakubingirisha seli. Kadi ya Protoperidinium itachorwa upya, kishale kikionyesha kibamba hicho. Msichana mmoja aliyekuwa kwenye Tripos furca alikaa muda mrefu bila kuandika, nikadhani amekwama, nikamkaribia.

"Nangoja, Mwalimu," akasema bila kuinua jicho. "Bado sijajua kama ananitazama."

Akasukuma kifuniko kwa kijiti cha meno.

Shemeji ameuliza kama mwezi ujao nataka yaliyooza au mabichi. Nimemwambia alete ya aina zote mbili, na safari hii achote pia yaliyokamuliwa kutoka kwenye mwani wa mawe, maana huko ndiko wanakokaa Ostreopsis, bapa na wenye ncha kama tone la chozi. Kadi ya kumi na tatu iko tupu mezani.